Ngadu Aliyepima Majaruba

Mwezi uliopita Shenaz alirudi Mikindani kufunga duka la marehemu baba yake, akanipigia simu niende nikamsaidie kufungasha. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda katikati ya rafu tupu, kichwani amefunga kitambaa, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa ameishi nchi za watu miaka mingi, na mimi sikuwahi kutoka Mtwara zaidi ya wiki mbili. Tulikumbatiana, tukachekana tulivyonenepa, kisha akaniuliza, "Hivi Somoe, mwaka ule tulikuwa na akili gani?" Nikamjibu kwamba tulikuwa na akili nzuri kuliko tulizo nazo sasa. Tukaanza kukumbushana, yeye akiongeza lake na mimi langu, na kufika adhuhuri niligundua kwamba tunausimulia mwaka ule vizuri kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana nimekaa kuuandika. Sikuwa shujaa mwaka ule, na Shenaz hakuwa shujaa, lakini tulifanya kazi moja tukaifikisha mwisho, na yote niliyofanya baadaye kwenye udongo wa mkoa huu yalianzia pale.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya kilimo, nimefanya mazoezi ya vitendo kwenye mikorosho, kituo cha utafiti cha Naliendele, nikaajiriwa na mradi mdogo uliokuwa umepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule kule Mtawanya. Chumba kimoja kilikuwa maabara: meza mbili, mizani, chupa za maji yaliyosafishwa, na mifuko ya udongo iliyopangwa ukutani kutoka sakafuni hadi dirishani, kiasi kwamba mvua ikinyesha nyumba nzima ilinukia shamba. Chumba cha pili kilikuwa ofisi ya Dokta Mrope, mkuu wetu, mtaalamu wa udongo, mtu mrefu asiye na maneno mengi, aliyekula chakula chake cha mchana amesimama dirishani kana kwamba anasubiri basi. Sebule ndiyo ilikuwa karakana. Pale alitawala Fundi Likwata, mchomeleaji wa mageti na vitanda, ambaye hakuwahi kusoma mchoro hata mmoja wa Shenaz lakini aliutazama mara moja na kumwambia palipokosewa. Shenaz naye alikuwa ametoka chuo Dar es Salaam na ujuzi wake wa umeme, akapiga magoti kwenye ile sakafu miezi saba, nyaya zimemzunguka, biskuti mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Chini ya Kilambo, Ruvuma unapokaribia bahari, kuna bonde ambalo watu wa kijiji kimoja walikuwa wakilima mpunga tangu zamani. Misimu miwili kabla ya mwaka ninaousimulia, mafuriko yalibomoa tuta lililozuia maji ya chumvi. Bahari ikaingia kwenye majaruba, mpunga ukakauka, watu wakaacha, matete yakaota, na matete yalipokua mamba wakahamia. Mama mmoja aliyeingia kukata matete hakurudi. Baada ya hapo hakuna aliyetia mguu katikati ya bonde. Kisha akaja mwekezaji aliyetaka bonde lote kwa ajili ya mashamba ya chumvi, akiwaambia wanakijiji kwamba ardhi yao imekwisha kufa, kwa hiyo hawapotezi kitu. Wengine walikubali, wengine walikataa, na serikali ya kijiji ikaamua kwamba udongo upimwe kwanza, majibu yasomwe kwenye mkutano kabla ya masika. Kama ardhi ni nzima, wangejenga tuta upya. Kama imekufa, ingekwenda kwa mwekezaji. Lakini nani aingie kuchota udongo penye mamba na tope la kiunoni? Dokta Mrope akasema aingie mtu asiye na nyama.

Ndivyo tulivyoanza kutengeneza kigari cha kuongozwa kwa rimoti. Magurudumu Fundi aliyakata kwenye mapipa, mapana, akayachomelea mapezi ya chuma ili yapige tope kama makasia. Mota zilikuwa za waipa za malori, betri za pikipiki, na vingi kati ya hivyo vilitoka duka la baba yake Shenaz. Tulikwenda Mikindani karibu kila wiki. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye mikeka ambapo mama yake alitupakulia wali wa nazi na mchuzi wa samaki wenye ukwaju, na tukila tulimsikia baba mtu upande wa pili wa pazia akiwaambia wateja, "Binti yangu anatengeneza gari la kwenda kwa mamba." Mbele yetu hakulisema hilo hata siku moja. Mbele yetu aliuliza tu kama ile mota ya jana inafanya kazi. Shenaz alikuwa akitafuna polepole ili asikie zaidi.

Kigari kilipokamilika kilikuwa na kamera juu, keekee ya kuzama ardhini kiasi cha urefu wa mkono, vikopo kumi na vinne vya kuwekea sampuli, na vijiti viwili vya chuma vilivyopitisha umeme kidogo kwenye udongo. Penye chumvi nyingi umeme hupita kirahisi na namba hupanda. Fundi alikizunguka, akakipiga teke kidogo, akasema, "Hili si gari. Hili ni ngadu." Ngadu ni yule kaa mkubwa wa mikokoni, mpana, asiyezama. Jina likabaki. Siku hiyohiyo akaleta kamba ndefu ya nailoni na kuifunga nyuma.

"Fundi, hapana," Shenaz akasema. "Gari la kisasa unalifunga kamba kama mbuzi? Watu watatucheka."

"Wacheke."

"Mawasiliano yakikatika Ngadu anarudi mwenyewe. Nimempangia hivyo."

"Sawa. Na tope likimpangia vingine?"

Shenaz alikasirika kweli. Siku mbili hakumsemesha. Kamba ilibaki.

Sehemu yangu ilikuwa mpango wa safari, na hapo ndipo nilipolia. Nilidhani kupanga ni kuchora mstari kwenye picha ya satelaiti na kuweka nukta. Nilibandika karatasi ukutani, nikachora bonde zima, nikaweka nukta kumi na nne zilizoachana sawasawa kama vifungo vya shati, nikamwita Dokta Mrope. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaweka kidole kwenye nukta ya tano.

"Hapa unakwenda kutafuta nini?"

"Sampuli, Dokta."

"Sampuli si kitu cha kutafuta. Ukiipata itakuambia nini ambacho ya nne haijakuambia?"

Akaniuliza hivyo kwa kila nukta, kumi na nne zote, kwa sauti ileile, kisha akarudi dirishani kumalizia muhogo wake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Leo ninapowafundisha vijana ninawauliza swali lilelile, na ninaona nyuso zao zinavyobadilika, wala siwaonei huruma, kwa sababu najua linavyofaa. Niliurudia mpango ule mara tano. Mara ya tano kila nukta ilikuwa na sababu yake: hii ipo pale tuta lilipobomoka, hii ipo mbali na mkono wa mto, hii ipo penye udongo mweusi unaoshika maji, hii inapimwa juu na chini ili tujue chumvi imezama au imeelea tu. Dokta aliusoma wote, akasema, "Haya," na nilifurahi kama niliyepewa nyumba.

Sababu zile sikuzipata kwenye picha ya satelaiti. Nilizipata kijijini kwa Bi Esha, mwenyekiti wa wakulima wa bonde, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kuitia watu kutoka mbali. Mradi ulimwomba anipe mahali pa kulala nikiwa kule, akanipa chumba alichokuwa akiwekea mpunga enzi za mavuno. Vihenge vilikuwa bado vimo, vitupu, na ukuta mmoja ulikuwa na alama za mkaa alizokuwa akihesabia magunia. Asubuhi tulikula ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, na chai ya rangi, mchana ugali wa muhogo na kisamvu, na kila mara alinisogezea mimi kipande kikubwa cha samaki akisema yeye meno yanamsumbua. Meno yake yalikuwa mazima. Alinieleza bonde lile jaruba kwa jaruba, la nani, limerithiwa kutoka kwa nani, lilitoa nini mwaka upi. Majaruba yake yalikuwa katikati. Alikuwa akiyataja kama mtu anavyotaja watoto wake waliohamia mjini.

Mchana mmoja nilikuwa nimejilaza chumbani, nikamsikia uani akizungumza na dada yake kwa Kimakonde. Nilipofika mara ya kwanza nilijitambulisha kwa Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo wote wawili hawakujua kwamba lugha ile ni ya kwetu pia. Dada mtu alikuwa akiuliza kama hawa wa mradi wanaaminika. Bi Esha akamwambia asiwe na wasiwasi. "Huyu mtoto anakula kwangu, analala kwangu," alisema. "Hawezi kusimama mbele za watu akayasomea vibaya majaruba yangu." Hakulisema kwa hila. Alilisema kwa imani, kama anayesema mvua itanyesha. Nilibaki nimetazama vihenge.

Safari ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa langu. Nilichukua jedwali la maji ya bandarini Mtwara, nikatafuta siku ambayo maji yanakupwa sana, nikapanga Ngadu aingie saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa. Tulisimama juu ya kipande cha tuta kilichobaki, nusu ya kijiji nyuma yetu, Shenaz na rimoti, mimi na karatasi zangu. Nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu alizipima vizuri, watu wakapiga makofi kila keekee iliposhuka. Akielekea ya nne magurudumu yakaanza kuzunguka bila kusogea. Tope lilikuwa bado bichi, maji hayajatoka. Shenaz akarudisha nyuma, akakata kushoto, akarudisha tena, na Ngadu alizidi kudidimia. Saa nzima hivyo. Kisha tukaona maji yanarudi kupitia matete, kwa haraka ambayo jedwali langu halikuwa nayo.

"Mpigie simu arudi mwenyewe," Fundi alimwambia Shenaz, bila kutabasamu. Shenaz aliweka rimoti chini, akavua viatu, akashika kamba. Tukaivuta watu kumi na wawili, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na shati lake jeupe. Ngadu alitoka akiwa amejaa tope mpaka kwenye kamera, mota mbili zimeingia maji. Mtu mmoja wa upande wa mwekezaji, aliyekuja na gari lake kutazama, aliuliza kwa sauti kama mradi wetu unafadhiliwa na watengeneza kamba. Watu walicheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

Bi Esha ndiye aliyenijia. "Ulitazama maji ya wapi?"

"Ya bandarini, mama."

"Mwanangu, haya si ya bandarini. Huku yanakuja mbio, yanaondoka kwa uvivu. Ungeniuliza."

Nilikuwa nimemwuliza kila kitu cha ardhi yake isipokuwa maji yaliyoiharibu. Kwa wiki mbili zilizofuata, wakati Shenaz na Fundi wakikausha mota na kufunika kila tundu kwa mpira wa tairi, nilikaa kwenye tuta na kijiti kirefu nilichokichora alama na kukisimika majini, nikiandika maji yanavyopanda na kushuka. Nikatengeneza jedwali la bonde lile peke yake. Nikaupanga upya mpangilio wa nukta ili Ngadu aanzie penye mchanga na kumalizia penye tope, wakati tope limepata muda wa kukaza. Safari ya pili ilichukua asubuhi moja. Nukta kumi na nne, vikopo kumi na vinne. Kwenye nukta ya tisa mamba mmoja alitoka kwenye matete, akamtazama Ngadu, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi alikotoka. Shenaz alipiga kelele za furaha mpaka sauti ikamkauka. Fundi Likwata aliendelea kukunja kamba yake taratibu, akimtazama pembeni, na baadaye niliwaona wote wawili wamekaa juu ya bodi ya gari wanagawana mua.

Kisha tukarudi Mtawanya kupima. Unachanganya udongo na maji safi, unasubiri, unazamisha kipimo, unaandika. Kazi ya kuchosha ambayo naipenda hadi leo. Nukta ya kwanza hadi ya sita zilikuwa na chumvi juu tu. Chini udongo ulikuwa mzuri, na maji ya mto yakipitishwa msimu mmoja au miwili chumvi ile ingeondoka. Ya kumi hadi ya kumi na nne zilikuwa karibu safi. Ya saba, ya nane na ya tisa zilikuwa chumvi kutoka juu hadi urefu wote wa keekee, udongo umeshikana kama saruji. Nilipima tena. Nikapima mara ya tatu. Sikuhitaji kutazama ramani kujua ni majaruba ya nani.

Shenaz aliniona. Alivuta kiti akakaa karibu. "Tunaweza kupiga wastani," alisema kwa sauti ndogo. "Bonde zima, wastani mmoja. Unatoka vizuri. Tuta linajengwa kwa wote, na Bi Esha anabaki na shamba lake. Si uongo."

"Atapanda pale, Shenaz."

"Ndiyo."

"Haitaota."

Nilikwenda kwa Dokta Mrope nikamwambia kila kitu, pamoja na kile nilichokisikia uani, nikitumaini atasema majibu atayasoma yeye. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nikisoma mimi watakusikitikia," alisema. "Ukisoma wewe, unayekula kwake, wataamini. Mpango ni wako." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikaa kitini, akanivutia na mimi kiti, tukala pamoja.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya kijiji, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilibandika ramani ubaoni, nikaeleza jinsi tulivyopima, nikaanza kusoma. Moja, mbili, tatu. Kila nukta nilitaja ipo wapi, ina nini, ifanyiwe nini. Nilipofika sita nilisikia minong'ono ya furaha. Bi Esha alikuwa amekaa dawati la mbele, mikono mapajani, akinitazama kwa ile imani yake. Nikasema, "Saba. Chumvi juu mpaka chini. Mpunga hautaota hapa hata tuta likijengwa." Nikasogeza kidole kwenye ramani. "Nane, vilevile." Sauti yangu ilikuwa imara, najua kwa sababu nilishangaa kuisikia. "Tisa, vilevile."

Yule mtu wa mwekezaji akasimama kwa haraka. "Mnasikia? Katikati yote imekufa! Sasa tuta la nini?"

Bi Esha akasimama pia, bila haraka. Aligeuka akawatazama watu, si mimi. "Saba, nane na tisa ni zangu," alisema. "Si katikati yote. Ni zangu. Kaa chini, baba, binti hajamaliza." Kisha akanigeukia. "Endelea. Kumi."

Nikaendelea. Kwa kuwa nilikuwa nimeyasema mabaya ya mwenyeji wangu mbele yake, hakuna aliyeuliza kama mazuri ni ya kweli. Kijiji kiliamua siku ile kujenga tuta, ila nukta ya saba hadi ya tisa ziachwe nje, sehemu ile mbaya iachiwe mikoko. Ombi la mwekezaji lilikataliwa. Watu walitoka wakiimba, Shenaz akabebwa juujuu na akina mama, Fundi akaombwa kuchomelea mlango wa zahanati.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa Bi Esha kuchukua begi langu. Nilidhani sina haki ya kulala tena kwenye chumba kile. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha nikasema kwa Kimakonde, ili asibaki na shaka kwamba nilimsikia siku ile, kwamba naomba radhi. Kisu kilisimama. Alinitazama, akaelewa yote, na nikaona aibu imempita usoni, kisha kitu kingine.

"Kumbe mtoto wa kwetu," alisema. "Ungenificha, ningepanda. Ningepanda mbegu yote, mwakani niko kwa watu naomba." Akafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu wa muhogo. Alilia kidogo, bila sauti, na mimi nikalia pamoja naye, nikiwa nimechuchumaa, begi bado begani. Kisha akakamata kisu tena.

"Huyo Ngadu wako anapanda mlima?"

"Mlima upi, mama?"

"Kule juu nina ekari mbili za mihogo. Upande mmoja inaota kama wazimu, upande mmoja inakauka majani. Tangu marehemu yupo hatujui kwa nini. Nikikosa mpunga, lazima ile ninayobaki nayo niijue."

Nikamwambia hakuna mamba kule juu, Ngadu hahitajiki, nitapanda huko mwenyewe na jembe. Akasogeza maganda kwa mguu, akalainisha mchanga wa uani kwa kiganja, akachora shamba lake: kisima, njia, mikorosho miwili ya mpakani. Nikaweka begi chini. Akataka kuanza kutia nukta kwa ncha ya kisu, nikamshika mkono.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Hapo tunakwenda kutafuta nini?"